Kurekebisha Gauni la Shanga la Raksi Sharki: Mwongozo kwa Mchezaji na Fundi Wake

Gauni la raksi sharki, yaani dansi ya Kimisri ambayo wengi huiita dansi ya tumbo, haliwezi kurekebishwa kama gauni la kawaida la sherehe, kwa sababu kitambaa chake kinabeba mzigo. Shanga za kioo, puleki, mawe na matamvua yaliyoshonwa juu yake yanaweza kulifanya gauni moja livuke kilo 3, na uzito huo hautulii mahali pamoja: nyonga inapogonga kulia, matamvua huifuata kwa kuchelewa kidogo, kisha hurudi na kuuvuta mshono wa upande wa pili. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo fundi anapaswa kujua si kama gauni limebana au limepwaya wakati mchezaji amesimama mbele ya kioo, bali ni sehemu gani ya mwili inayoubeba uzito: mabega, kifua, kiuno au nyonga. Jambo hilo likijulikana kabla ya mkasi kushikwa, kazi zote zinazofuata hupata mpangilio wake.

Mwongozo huu unahusu hasa gauni la kipande kimoja la mchezaji wa kulipwa, lililoshonwa kwa laikra, yaani kitambaa kinachovutika, lenye sidiria ya vikombe vigumu iliyoshonewa ndani, madirisha ya neti pembeni mwa kiuno, na mpasuo mrefu pajani. Mengi yaliyomo yatafaa pia kwa seti ya sidiria na mkanda, ambayo Wamisri huiita badla, vazi lililoenea katika kumbi za Cairo tangu enzi za Badia Masabni, aliyefungua ukumbi wake mjini humo mwaka 1926 na ambaye jukwaani kwake walipitia wachezaji mashuhuri Tahia Carioca na Samia Gamal. Neti ya tumboni nayo ina historia yake. Sheria za Misri zimewataka wachezaji wafunike tumbo, na neti ya rangi ya ngozi imekuwa njia ya kutii bila kuuficha mwendo wa misuli. Fundi asiikate neti hiyo kwa kudhani kuwa ni pambo lililozidi. Amuulize mchezaji kwanza atacheza wapi.

Vipimo vinavyohitajika

Ukiagiza gauni kwa mshonaji wa Cairo, aghalabu utaombwa vipimo vya kifua, kiuno, nyonga na urefu. Hivyo vinne havitoshi, na inafaa umpelekee vingine hata kama hakuviomba. Pima mzunguko wa kifua kwenye chuchu, kisha mzunguko wa chini ya matiti, kisha umbali kati ya chuchu moja na nyingine, kwa sababu umbali huo ndio unaoamua vikombe vikae wapi. Pima kiuno. Pima mzunguko wa mahali ambapo mkanda wa shanga utakaa, sentimita kadhaa chini ya kitovu, na usiuchanganye na mzunguko wa makalio yalipo mapana zaidi, ambao nao uupime peke yake. Pima pia urefu kutoka kwenye mkanda hadi sakafuni, mchezaji akiwa peku au akiwa na viatu atakavyovaa jukwaani, na uandike wazi ni kipi kati ya hivyo viwili.

Kipimo kinachosahauliwa mara nyingi kuliko vyote ni mzunguko wa kiwiliwili. Weka ncha ya tepu juu ya bega, iteremshe mbele kupitia kifuani na tumboni, ipitishe katikati ya miguu, kisha ipandishe mgongoni hadi irudi begani ilipoanzia. Wanawake wawili wenye kifua, kiuno na nyonga sawasawa wanaweza kutofautiana sana katika kipimo hiki, mmoja akiwa na kiwiliwili kirefu na mwingine akiwa na miguu mirefu. Katika seti ya vipande viwili tofauti hiyo haina madhara, lakini katika gauni la kipande kimoja ndiyo inayofanya mkanda upande kiunoni au uteremke hadi mapajani, hata kama vipimo vingine vyote vilichukuliwa kwa uangalifu.

Mchezaji apimwe akiwa amevaa sidiria na kaptula ya ndani atakazovaa siku ya onyesho, na afadhali apimwe jioni, kwa kuwa tumbo baada ya milo ya siku si tumbo la alfajiri, na maonyesho mengi ni ya usiku. Asizuie pumzi wala asivute tumbo ndani. Mwambie ajaze kifua kwa pumzi ndefu huku tepu ikiwa chini ya matiti, uone inaongezeka sentimita ngapi, na uandike vipimo vyote viwili, kwa sababu atakapokuwa katikati ya wimbo wa dakika nane atakuwa anapumua hivyo.

Kulikagua gauni kabla ya kukubali kazi

Ligeuze gauni ndani nje, ulitandaze mezani chini ya taa kali, na usome upande wake wa ndani kabla ya kumwambia mteja lolote kuhusu bei au siku ya kumaliza. Tazama kwanza kama mishono ya pembeni ina akiba ya kitambaa. Magauni mengi ya namna hii yamepigwa ovaloki ukingoni kabisa, na hakuna cha kuachia. Angalia iwapo michoro ya shanga inavuka mshono wa pembeni au inaishia kabla ya kuufikia. Pale inapoishia kabla, kupunguza ni kazi ya saa chache. Pale inapovuka, ni kazi ya siku kadhaa, na mteja anastahili kuambiwa hivyo mapema.

Baada ya hapo jaribu kiasi ambacho kitambaa kinavutika. Shika sentimita 10 za sehemu tupu kando ya rula na uivute taratibu. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye sehemu iliyojaa shanga, na uache kuvuta mara tu unapousikia uzi ukikaza. Sehemu tupu inaweza kufika sentimita 15, ilhali ile yenye shanga haivuki 11, kwa kuwa uzi uliotumika kushonea shanga hauvutiki. Hapo umejua kwamba gauni litafuata kipimo cha sehemu isiyovutika. Mchezaji anayelivaa kwa nguvu akitumaini kwamba laikra itamfuata hataharibu laikra, ataikata mistari ya shanga mmoja baada ya mwingine, na shanga zitamwagika jukwaani ambako mwenzake anaweza kuzikanyaga kwa miguu mitupu.

Kwa anayenunua gauni lililokwisha kuvaliwa, ushauri wangu ni achague lililo kubwa kidogo kuliko lililo dogo. Kupunguza hadi sentimita 6 kwenye mzunguko mzima, nusu kila upande, kunawezekana bila kuuharibu mchoro. Zaidi ya hapo michoro ya mbele na ya nyuma huanza kugongana pembeni, na mapambo yaliyokusudiwa kukaa juu ya mfupa wa nyonga husogea hadi karibu na kinena. Gauni dogo linaweza kupanuliwa kupitia kwenye neti, kama nitakavyoeleza, lakini likiwa limejaa shanga mwili mzima bila dirisha lolote la neti, liache, hata kama bei yake inavutia.

Kuufungulia mshono njia kati ya shanga

Hii ndiyo hatua inayotenganisha fundi wa gauni la shanga na fundi wa nguo nyingine, na haifai kuharakishwa. Cherehani haipiti juu ya kioo: sindano huvunjika, na kipande chake kinaweza kurukia jichoni. Kwa hiyo mstari wa mshono mpya ni lazima usafishwe kwanza, sentimita 1.5 kila upande.

Mvalishe mchezaji gauni, libane pembeni kwa pini hadi likae unavyotaka, na umwombe anyanyue mikono na kukata kiuno mara kadhaa kabla ya kuziamini pini hizo. Akilivua, piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa rangi kali kufuata mstari wa pini, upande wa ndani. Mstari huo wa bandi ndio utakaokuongoza tangu sasa hadi mwisho.

Kisha chunguza namna shanga zilivyoshonwa. Ukiona upande wa ndani vistari vifupi vilivyonyooka, shanga zimeshonwa kwa sindano ya kawaida, na kukata uzi mahali pamoja kutaangusha chache tu. Ukiona vitanzi vilivyoshikana kimoja ndani ya kingine, huo ni mshono wa mnyororo unaofanywa kwa sindano ya kulabu, na hapo uwe macho sana, maana kitanzi kimoja kikikatwa na ncha yake ikavutwa, ua zima la shanga linaweza kufumuka mbele ya macho yako. Kabla ya kukata, chukua uzi mwingine na ushone mishono midogo mitatu au minne juu ya mnyororo huo, pande zote mbili za eneo unalosafisha, ufunge fundo, kisha utie tone la rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya kila fundo. Subiri ikauke kabisa. Ndipo ukate katikati na uziache shanga zidondoke ndani ya bakuli, moja moja, bila kuvuta. Uzitunze zote hata zile zinazoonekana hazina kazi, kwa sababu rangi ya kundi moja la shanga haifanani kabisa na rangi ya kundi lingine, hata zikiwa na namba ileile ya rangi.

Ushanga mmoja mmoja uliobaki juu ya mstari unaweza kuvunjwa kwa koleo ndogo badala ya kufumuliwa. Ufunike kwa kitambaa, vaa miwani ya kukinga macho, kisha ubane. Mara nyingi uzi hubaki mzima, lakini kioo kilichovunjika kinaweza kuukata, kwa hiyo njia hii itumike kwa shanga chache zilizotawanyika na isitumike kwa mstari mrefu.

Mshono mpya ushonwe kwa mshono wa zigizaga mwembamba au ule unaovutika, kwa sindano ya cherehani yenye ncha ya mviringo, kisha eneo lililobaki tupu lijazwe tena kwa mkono. Tumia uzi wa polista au wa nailoni, upitishe kwenye nta, uushone ukiwa wa mara mbili, na kila baada ya shanga tatu au nne rudi nyuma na ufunge, ili uzi ukikatika siku moja zipotee nne na zisipotee arobaini. Shanga ndefu za mrija zina ncha kali zinazoukata uzi polepole. Weka ushanga mdogo wa duara kila mwisho wa mrija ili uzi usikunjwe juu ya ukingo wa kioo.

Kuhusu mahali pa kupata shanga za kujazia, Afrika Mashariki ina bahati ambayo mafundi wengi hawaitumii. Shanga za kioo za Czech, za eneo la Jablonec nad Nisou, zimetumiwa sana na Wamaasai na Wasamburu kwa mapambo yao, na aina hiyohiyo ya shanga ndogo hutumika kwenye magauni ya jukwaani. Kwa hiyo anayeuza shanga za Kimaasai Nairobi au Arusha anaweza kuwa na unachokitafuta. Mpelekee sampuli mkononi, uilinganishe kwa mwanga wa nje, na kumbuka kwamba namba ya ukubwa ikiwa kubwa ushanga ni mdogo: namba 11 ni kama milimita 2.

Kifua

Rekebisha kifua kabla ya sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa gauni lote linaning'inia kutoka hapo, na sentimita 2 zinazopandishwa kifuani zitaupandisha mkanda na pindo pia.

Vikombe vikiwa vikubwa, usivipunguze kwa kuvikata. Tia sponji chini na upande wa nje wa kila kikombe, ndani ya mfuko mdogo wa pamba ulioshonewa kwenye bitana, ili mchezaji aweze kuitoa na kuiosha. Vikiwa vidogo, dalili huonekana pale waya wa chini unapokaa juu ya titi badala ya kulizunguka. Hali hiyo huumiza na haivumiliki kwa saa nzima, na kulegeza mgongo hakuitibu. Achanisha vikombe katikati kama kuna nafasi, ongeza kipande cha umbo la mwezi mchanga kwenye ukingo wa juu, ukifunike kwa kitambaa cha rangi ileile, kisha usogeze mapambo yapande juu yake.

Kamba za mabega ndizo hasa zinazosababisha malalamiko mengi. Zikiwa za lastiki, zitoe zote na uweke utepe mgumu usiovutika, uliofunikwa kwa kitambaa cha gauni, kwa sababu lastiki iliyobeba shanga hucheza dansi yake peke yake na kifua hufika chini baada ya mwili kuwa umeshapanda. Kamba inayozunguka shingo hupendeza kwenye picha, lakini huutwika uti wa shingo uzito wote. Kwa gauni zito, ibadilishe ipite mabegani na kukutana msalaba mgongoni. Mgongoni tumia kulabu kubwa za chuma, angalau mbili, zilizoshonwa kwa uzi wa mara mbili kupita kwenye utepe na si kwenye laikra pekee, na uweke safu mbili za vitanzi ili mchezaji achague kulingana na siku. Juu ya kulabu hizo mchezaji aongeze pini ya kufungia. Wachezaji wazoefu hawapandi jukwaani bila hiyo, na hakuna aibu yoyote katika kujikinga.

Iwapo gauni bado linavuta mabega baada ya hayo yote, shonea ndani ya kiuno utepe wa pamba wenye upana wa sentimita 2 au 3, uliopimwa sawasawa na kiuno cha mchezaji, wenye kulabu yake yenyewe, na uushikize kwenye mishono ya gauni mahali panne au sita. Mchezaji hufunga utepe huo kabla ya kufunga gauni, na kuanzia hapo kiuno hubeba sehemu ya chini ya gauni, mabega yakabaki na kazi ya kukishikilia kifua tu. Mafundi wa magauni ya harusi wanaufahamu utepe huu. Ningependa kila gauni zito la jukwaani liwe nao.

Neti na rangi ya ngozi

Madirisha ya neti ndiyo nafasi bora ya kurekebisha kiwiliwili, kwa sababu hayana shanga nyingi na mshono wake hujificha chini ya ukingo uliopambwa. Kiwiliwili cha gauni kikiwa kirefu, punguza neti, usiguse paneli za shanga. Kikiwa kifupi au kiuno kikibana, fumua neti ya zamani, kata nyingine yenye upana au urefu unaohitajika, ipigie bandi chini ya ukingo, mvalishe mchezaji, kisha uishone kwa mkono kwa mishono midogo. Chagua neti yenye nguvu inayovutika na kurudi. Ile laini ya shela huchanika kwa mnyumbuko wa kwanza wa nyuma.

Hapa kuna jambo ambalo wachezaji weusi wanalijua vizuri na ambalo mafundi hawana budi kulizingatia. Magauni mengi yanayouzwa tayari huja na neti ya rangi ya ngozi nyeupe au ya maji ya kunde, na juu ya mwili mweusi neti hiyo haifichiki: huonekana kama bandeji kubwa tumboni, na mwendo wa misuli ambao mchezaji ameufanyia mazoezi kwa miaka hupotea nyuma yake. Kuibadilisha si anasa. Tafuta neti ya kahawia inayokaribia ngozi ya tumbo la mchezaji, wala si ya uso au mikono, uilinganishe ikiwa imevutwa kama itakavyokuwa mwilini, kwa sababu neti inayovutwa hupauka. Usipoipata, neti ya nailoni hupokea rangi, na hata chai kali ya rangi iliyochemshwa inaweza kuipa ukahawia. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo, uisuuze, uikaushe, ndipo uamue. Neti ya polista haikubali rangi kwa urahisi, kwa hiyo ujue umenunua ipi. Kamwe usiichovye neti ikiwa tayari imeshonwa kwenye gauni.

Nyonga

Mkanda wa nyonga, hata kama umeshonwa moja kwa moja juu ya gauni, unatakiwa kushika mfupa. Ukilegea, nyonga itatangulia na mkanda utafuata, na mtikiso wa haraka ambao ungeonekana hadi safu ya mwisho ya ukumbi utabaki ndani ya nguo. Ukibana kupita kiasi, nyama itajikunja juu yake na gauni litaanza kupanda kila hatua. Kipimo changu ni vidole viwili: vipite kati ya mkanda na mwili kwa shida kidogo, mchezaji akiwa amepumua kawaida.

Punguza pande zote mbili kwa kiasi sawa, la sivyo katikati ya mchoro itahama na haitalingana na kitovu. Iwapo mkanda umelegea juu tu na umekaa vizuri chini, jambo la kawaida kwa mwenye makalio makubwa na kiuno chembamba, usiuguse mshono wa pembeni. Tengeneza mikunjo miwili ya kupunguza nyuma, kila mmoja sentimita chache kutoka katikati, inayoanza juu na kupungua hadi kuisha kabla ya kufika makalio yanapopanuka. Upande wa ndani wa mkanda uwe na kitambaa kigumu, na juu yake bitana ya pamba, kwa kuwa nyuzi za shanga na ncha za waya hukwaruza ngozi iliyoloa jasho.

Matamvua ya mkanda yaning'inie kutoka kwenye utepe wake, na utepe ndio ushonwe kwenye gauni. Kwa njia hiyo tamvua likikatika hutengenezwa peke yake. Yale yanayokaa mahali ambapo mikono hupita yafupishwe kidogo, hasa chini ya kifua, maana hunasa kwenye bangili na nywele.

Urefu na mpasuo

Lining'inize gauni kwa siku nzima, likiwa limeshikwa kwenye mkanda na si mabegani, kabla ya kupima pindo, kwa kuwa sketi iliyokatwa mshazari na yenye shanga chini hurefuka kwa uzito wake. Mchezaji anayecheza peku awe na nafasi ya sentimita 2 au 3 kati ya pindo na sakafu, mbele pawe juu kidogo kuliko nyuma.

Pindo likiwa na shanga au matamvua, usilikate. Fumua sketi pale inapoungana na mkanda, punguza kutoka juu, kisha uirudishe chini ya mkanda huohuo. Mshono utafichwa na mapambo, na pindo litabaki kama lilivyotoka kwa mwenye kulitarizi. Mpasuo utapanda kwa kiasi hichohicho unachopunguza, na hapo ndipo mafundi hushtukia umefika mahali pasipostahili. Pima mpasuo upya kabla ya kukata, na ikibidi ufunge sehemu yake ya juu. Ncha ya juu ya mpasuo ndipo gauni huanza kuchanika, kwa hiyo shonea nyuma yake kipande kidogo cha utepe imara. Ndani kuwe na kaptula ya rangi ya gauni, iliyoshikizwa pembeni ili isijikunje.

Kulijaribu likiwa linacheza

Gauni lisikabidhiwe kabla mchezaji hajacheza ndani yake kwa dakika kumi, kwa muziki, akiwa na viatu na kila kitu cha ndani. Ainame mbele hadi mikono iguse magoti, na wewe usimame mbele yake kutazama kama vikombe vinaachana na kifua. Atetemeshe mabega kwa nguvu. Anyanyue mikono yote miwili na uangalie kama mkanda umepanda, na ukishapanda kama unarudi wenyewe au anauvuta kwa mkono. Akiuvuta, kiwiliwili cha gauni bado ni kifupi. Azunguke mara kadhaa kisha asimame ghafla, kwani hapo matamvua yote huvuta upande mmoja na mshono dhaifu hujitangaza. Kama hucheza sakafuni, apige magoti na kuinuka. Mwisho ajinyumbue mgongo kwa nyuma, mnyumbuko kamili, huku wewe ukishika neti kwa vidole usikie kama inalalamika.

Mrekodi kwa simu, taa ikiwa kali, kisha mtazame pamoja. Mchezaji atajitazama anavyocheza. Wewe tazama gauni peke yake, ukisimamisha picha kila mkanda unapohama, na uweke alama ya chaki mahali hapo kabla hajalivua.

Baada ya onyesho

Gauni la namna hii halifuliwi mashineni na halipigwi pasi, kwa sababu puleki za plastiki huyeyuka na mawe ya kubandikwa huachia. Likigeuzwa ndani nje mara tu baada ya kuvuliwa, litundikwe kwenye upepo kivulini hadi likauke kabisa, na makwapa na bitana vipanguswe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Manukato yapakwe na yakauke kabla ya kuvaa, kamwe si juu ya gauni, kwani huziua rangi za shanga zenye madini ya fedha ndani. Kwa wanaoishi pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, unyevu ni adui wa ziada: gauni lisifungiwe kwenye mfuko wa nailoni, lilazwe bapa ndani ya kanga safi ya pamba, likunjwe mara chache iwezekanavyo, shanga zikiangalia ndani na kanga ikitenganisha kila mkunjo, na lifunguliwe lipate hewa hata kama hakuna onyesho karibuni. Usilitundike kwenye hanga kabatini. Mabega yatarefuka, na kazi yote ya kifua itabidi irudiwe.

Kwenye mkoba wa onyesho ziwepo sindano mbili zilizokwisha kutiwa uzi wa rangi ya gauni, kipande cha nta, subana, kulabu za akiba, pini za kufungia za ukubwa tofauti, na kichupa chenye shanga zilizotolewa wakati wa kurekebisha. Uzi ukianza kuning'inia dakika chache kabla ya kuitwa jukwaani, usiukate wala usiuvute: ufunge fundo karibu kabisa na kitambaa, upitishe ncha yake nyuma ya mapambo, na umpelekee fundi kesho yake.